Kamba ya mita hamsini: Dakika ya kwanza ya ndege isiyo na injini

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

Mwezi uliopita kijana wangu aliniwekea karatasi juu ya kompyuta yangu, mahali alipojua lazima nitaiona. Ilikuwa fomu ya ridhaa ya mzazi. Klabu moja ya ndege, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka tunapoishi, ilitaka saini yangu ili aanze kujifunza kurusha glaida na, akifuzu, aruke peke yake. Ana miaka 14. Hapa Uingereza huo ndio umri ambao mtoto anaruhusiwa kupaa peke yake ndani ya glaida, miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kuendesha gari barabarani.

Nikamwambia, "Nitasoma kwanza."

"Baba, wewe kila kitu unasoma kwanza," akanijibu.

Ni kweli. Ndiyo kazi iliyonilisha, na ndiyo hiyo hiyo iliyonifanya nihame nyumbani. Basi nikasoma. Nilisoma ripoti za wachunguzi wa ajali, miongozo ya marubani, na Jumamosi mbili nikaenda mwenyewe uwanjani kutazama na kuuliza maswali. Niliyoyakuta si yale niliyokwenda kuyatafuta, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Kwa ndugu zetu wa nyumbani ambao hawajawahi kuiona, glaida ni ndege kamili, yenye mabawa marefu membamba, mkia na usukani, ila haina injini. Ikishafika juu hutafuta hewa ya moto inayopanda na kuzunguka ndani yake, kama mwewe anavyozunguka bila kupiga bawa. Hali ya hewa ikiwa nzuri rubani anaweza kukaa angani saa nyingi. Afrika Mashariki michezo hii haikushika sana, ingawa Kenya kulikuwa na klabu pale Mweiga, karibu na Nyeri, chini ya milima ya Aberdare.

Mtu wa kawaida akiitazama glaida, mimi nikiwemo, swali lake la kwanza ni: itatuaje bila ya injini? Kumbe hilo si tatizo kubwa. Glaida ya kisasa ya mafunzo, kwa mfano ASK 21 ya Kijerumani, ikiwa juu kilomita moja katika hewa tulivu inaweza kuteleza zaidi ya kilomita 30 kabla ya kugusa ardhi. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine. Inafikaje huko juu?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni winchi, mashine yenye waya mrefu inayoivuta kutoka upande wa pili wa uwanja mpaka ipae. Ya pili ni kuvutwa na ndege yenye injini, kama tagi inavyovuta meli bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Baina ya ndege mbili hizo kuna kamba, kwa kawaida mita 50 hadi 60. Ndege ya mbele ina rubani wake, na glaida ina wake. Wanapaa pamoja mpaka kama futi 2,000, yaani mita 600, kisha wa nyuma anavuta kishikio cha manjano, kamba inaachia, na kila mmoja anashika njia yake.

Mtindo huu ulianza Ujerumani mwaka 1927. Baada ya Vita vya Kwanza mkataba wa Versailles ulikuwa umewabana Wajerumani katika mambo ya ndege za injini, wakajikita katika glaida. Vita vya Pili vilipokuja, kila upande ukaitumia kamba ile kubebea askari. Wajerumani walitengeneza glaida kubwa mno, Me 321, yenye mabawa ya mita 55, nzito kiasi kwamba ililazimu kuvutwa na ndege tatu kwa pamoja, kila moja na kamba yake. Hesabu ya marubani watatu kuruka kwa kasi moja na kufuata mstari mmoja, nyuma yao jumba linaloelea, ilikuwa ngumu hata kwa waliozoea. Mwishowe walichukua ndege mbili za He 111 wakaziunganisha bawa kwa bawa na kuongeza injini ya tano katikati, ili mvutaji awe mmoja.

Upande wa Waingereza na Wamarekani nao wana usiku wao wasiousahau. Tarehe 9 Julai 1943 glaida 144 ziliondoka Tunisia zikivutwa kuelekea Sicily. Kulikuwa na upepo mkali, giza, na mizinga ikipigwa kutoka pwani. Wengi waliachiwa mapema mno, wangali mbali na nchi kavu. Glaida zipatazo 65 zilianguka baharini na askari zaidi ya 200 wakazama. Injini zao hazikuwa na kosa kwa sababu hawakuwa na injini. Walikufa kwa sababu kamba ilikatwa mahali pasipofaa.

Nayataja haya ili msomaji aelewe kwamba tangu mwanzo hatari ya kuvutwa imekuwa ileile. Watu wawili wamefungwa pamoja, kila mmoja ana uwezo wa kuachia, na hakuna anayejua kwa uhakika mwenzake anafikiri nini.

Sasa nirudi uwanjani. Uwanja wenyewe ni majani matupu, hakuna lami. Ndege ya kuvuta ilikuwa Piper Pawnee, ya kiti kimoja. Hii ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya kunyunyizia dawa mashambani, na nyingi zilipostaafu shamba zikaletwa kwenye kamba. Ni ndege ya nguvu, haina mapambo. Glaida ilikuwa nyeupe, ya viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma.

Ndani nilionyeshwa vishikio, na rangi zake hazichaguliwi ovyo. Cha manjano ni cha kuachia kamba. Cha buluu ni cha breki za hewa, yaani yale mabapa yanayochomoza juu ya mabawa ili ndege ishuke haraka. Cha kijani ni cha kulisawazisha pua. Chekundu ni cha kutupa kifuniko cha kioo wakati wa dharura. Mtu akihama glaida moja kwenda nyingine rangi hazibadiliki. Nilipenda hilo. Nimefanya kazi katika ofisi ambazo hata ufunguo wa choo haukuwa na mahali pake.

Kabla ya kuondoka mwanafunzi husoma kwa sauti orodha ya mambo ya kukagua: usukani, uzito, mikanda, saa na vipimo, kifuniko, breki, na mengineyo. La mwisho kabisa ni "yanayoweza kutokea". Hapo anatakiwa aseme waziwazi atafanya nini kamba ikikatika akiwa chini, na atafanya nini ikikatika akiwa juu zaidi, kwa upepo wa siku ile na uwanja ule. Asiseme kwa ujumla. Aonyeshe kwa kidole: nitatua pale, mbele ya ule mstari wa miti.

Sikuelewa umuhimu wake mpaka nilipoiona safari ya kwanza.

Mtu mmoja anashika ncha ya bawa ili ndege isimame sawa, kwa kuwa glaida ina gurudumu kuu moja tu chini ya tumbo. Kamba inakazwa polepole. Ishara inatolewa, Pawnee inanguruma, na mshika bawa anakimbia hatua chache kisha anaachia. Sekunde hizo za mwanzo, wakati kasi ni ndogo na usukani haujapata upepo wa kutosha, bawa moja linaweza kulala. Ncha ikishika majani marefu, ndege inazunguka huku bado inavutwa, na inaweza kupinduka vibaya. Ndiyo maana mkono wa kushoto wa rubani unakaa kwenye kishikio cha manjano au jirani nacho kabisa. Sheria ni nyepesi: bawa likishuka na huwezi kulinyanyua, achia. Usingoje kuona kama litanyanyuka. Wanaoumia ni wale wanaotaka kuiokoa safari, na pengine ni kwa sababu ya aibu tu, kwa vile watu kumi wamesimama wanatazama.

Glaida huacha ardhi kabla ya mvutaji wake. Ni nyepesi na mabawa yake ni makubwa, kwa hiyo inaelea mita mbili tatu juu ya majani huku Pawnee ingali inakimbia chini. Rubani wa nyuma anatakiwa akae hapo hapo, asipande. Akipanda, anaunyanyua mkia wa ndege ya mbele, pua yake inainama, na panga la injini linapiga ardhi.

Kisha wote wawili wako hewani, na hapa pana ajali ya aina moja iliyonikaa kichwani kwa sababu haina uhusiano na ufundi mkubwa. Ni ya lugha. Breki za hewa za glaida zisipofungwa sawasawa, hewa huzifyonza nje mara ndege inapoanza kuruka. Rubani wa glaida mara nyingi hajui. Anayejua ni wa mbele, maana anaona ndege yake haipandi. Wana ishara mbili. Mvutaji akiyumbisha mabawa yake, maana yake ni "achia sasa hivi". Akitikisa usukani wa mkiani kushoto na kulia, maana yake ni "una tatizo, tazama breki zako". Tofauti yake ni kubwa mno. Ukizifunga breki, mnapanda na maisha yanaendelea. Ukiachia kamba huku breki ziko wazi, uko chini, huna injini, na ndege yako inaanguka kama jiwe kuliko inavyoteleza.

Imetokea zaidi ya mara moja kwamba mvutaji katikisa mkia, wa nyuma akadhani anaambiwa aachie, akaachia, akaangukia kwenye miti. Ndege ilikuwa nzima, kamba nzima na injini ya mbele nzima. Siku hizi wengi wana redio na wanafundishwa kuitumia kwa maneno machache, lakini ishara zile bado zinafundishwa kwa sababu redio nayo ina siku zake.

Kamba yenyewe hukatika. Hiyo si siri na wala si aibu. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kuna kiungo kinachowekwa ili kikatike kabla ndege haijavunjika. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka kamba iwe na nguvu isiyopungua asilimia 80 ya uzito wa juu unaoruhusiwa wa glaida na isiyozidi mara mbili ya uzito huo. Ikiwa na nguvu kuliko hapo lazima viwekwe viungo vya kukatika. Huko Marekani mwanafunzi hufundishwa kutamka kwa sauti anapofika futi 200. Chini ya hapo kamba ikikatika anakwenda mbele moja kwa moja, atue palipo mbele yake, liwe shamba la viazi au la ngano. Juu ya hapo, hali ikiruhusu, anaweza kugeuka na kurudi uwanjani.

Kwa nini watamke? Kwa sababu kamba ikikatika moyo wa mtu unataka kurudi nyumbani. Uwanja uko nyuma, marafiki wako nyuma, gari lako liko nyuma. Mtu anageuza ndege akiwa chini, mwendo umepungua, anavuta usukani ili asiguse ardhi, bawa la ndani linapoteza nguvu na ndege inaingia katika mzunguko usio na nafasi ya kutokea. Shamba la mbele lingemvunjia gurudumu. Kugeuka kumemuua. (Wahamiaji wenzangu watanisamehe, nilipoisoma sehemu hiyo niliiweka chini kidogo.)

Mpaka hapo nilikuwa nasoma kama baba. Kila ukurasa nilimwona kijana wangu ndani ya kile kioo. Lakini nilipozungumza na mzee mmoja anayerusha Pawnee ile, mtu wa makamo ya juu aliyevuta maelfu ya glaida, aliniuliza swali lililonigeuza. Alitaka kujua kama katika kusoma kwangu nimeshafika kwenye habari za anayevuta.

Nilikuwa sijafika. Nikaenda kusoma.

Msomaji aliyekulia pwani atakumbuka tiara. Sisi tulizirusha pale Mnazi Mmoja wakati wa kaskazi. Ukikimbia na uzi mkononi, tiara inapanda yenyewe, na jinsi unavyovuta ndivyo inavyozidi kupanda. Glaida inayovutwa ina tabia hiyo hiyo. Ikitoka mahali pake nyuma ya mvutaji na kuanza kupanda juu yake, kamba inaivuta zaidi, inapanda kwa kasi, na mwisho inakuwa juu kabisa kama tiara. Sasa fikiria aliyeushika uzi si mtoto anayekimbia mchangani bali ndege nyingine, na uzi umefungwa mkiani mwake.

Mkia wa mvutaji unanyanyuliwa juu. Pua inaelekea chini. Rubani wake anavuta usukani mpaka mwisho na haipatikani nguvu ya kuushinda ule mvuto. Wanaoeleza wanasema jambo zima, toka kila kitu kuwa shwari mpaka ndege kutazama ardhi, huchukua sekunde mbili au tatu. Kama wako futi 2,000 upo uwezekano wa kuachana na kunyanyuka tena. Kama wako futi 400, hakuna. Glaida iliyosababisha inabaki juu, kamba ikakatika au ikaachiwa, na mara nyingi rubani wake anazunguka na kutua salama. Anayekufa ni yule wa mbele, ambaye hakufanya kosa lolote na ambaye alikuwa ametazama mbele kama kazi yake inavyomtaka.

Ndugu msomaji, hilo sikulitegemea. Nilikwenda kuuliza kama mwanangu anaweza kufa. Sikuwa nimejiuliza kama mwanangu, kwa sekunde tatu za kuzubaa, anaweza kumuua mzee wa watu.

Na kinachomfanya mtu azubae ni vitu vidogo hivi. Kifuniko cha kioo hakikufungwa vizuri, kikafunguka ghafla kwa kelele na upepo, naye anaachia usukani ili akivute. Ramani imeanguka miguuni. Anatafuta kishikio cha kukunja gurudumu. Jua limempiga machoni. Anainamisha kichwa, glaida inapanda kidogo, na akinyanyua macho ndege ya mbele haipo tena. Imejificha chini ya pua yake. Hapo kuna sheria moja tu, na kila klabu niliyosoma habari zake inayo: ukipoteza kuiona ndege inayokuvuta, achia papo hapo. Usiitafute.

Hilo la kifuniko limeua watu kwa namna ya kusikitisha, kwa sababu glaida nyingi huruka vizuri tu kifuniko kikiwa wazi. Ni baridi, ni kelele, pengine kioo kinapasuka na fedha zinapotea. Lakini inaruka. Kinachoua ni mkono uliokwenda kukifunga.

Lipo pia jambo la ufundi ambalo wenye mchezo wamelibishania kwa miaka. Glaida nyingi zina kulabu mbili za kushikia kamba. Moja iko puani, kwa ajili ya kuvutwa na ndege. Nyingine iko tumboni, kwa ajili ya winchi. Ukivutwa kwa ile ya tumboni, kamba inaisaidia pua kunyanyuka, na ule mwendo wa tiara unakuja upesi zaidi. Glaida nyepesi za mtu mmoja, hasa za zamani, huenda zina ya tumboni tu. Ongeza kamba fupi, upepo wa kurukaruka, rubani mgeni katika ndege ile, na umekamilisha mapishi.

Upande wa mvutaji kuna kulabu yake. Naye ana kishikio cha kuachia, kwa hiyo mtu atauliza kwa nini asiachie tu. Waingereza walijiuliza hivyo hivyo, na miaka ya nyuma walimu wazoefu walipanda juu sana na kulijaribu tukio hilo kwa makusudi, glaida nyepesi nyuma, wapate kujua ukweli. Waligundua kwamba mambo yanakwenda kasi kuliko mkono wa binadamu, na kwamba kulabu ya mtindo wa zamani, kamba inapoivuta kuelekea juu kwa nguvu, hukazana isiachie. Rubani anavuta kishikio na hakisogei. Zipo kulabu za Kijerumani, za Tost, ambazo huachia hata zikiwa zimebeba mzigo, na baadhi ya ndege zina kisu cha kukatia kamba. Mzee wangu wa Pawnee anayo ya namna hiyo. Alinionyesha kishikio chake kilipo, akasema bila kucheka kwamba hakitegemei sana, kwani akiwa futi 300 hata kama kitafanya kazi atakuwa tayari anatazama majani. Kinga yake ya kweli iko mita hamsini nyuma yake.

Nikamuuliza kwa nini basi anaifanya kazi hiyo, tena kwa kujitolea. Alinyanyua mabega tu, akaenda kutia mafuta.

Liko moja lingine ambalo sitalirefusha. Glaida husafirishwa kwa tela ikiwa imevuliwa mabawa, na huunganishwa uwanjani. Zile za kisasa viungo vya usukani hujishika vyenyewe. Za zamani vinafungwa kwa mkono. Wamekuwepo marubani, na si wanafunzi, walioondoka ardhini huku bapa la mkiani la kupandisha na kushusha pua halijaungwa. Walikatishwa na simu au na rafiki aliyekuja kusalimia. Ndiyo maana uwanjani ukimkuta mtu anaunganisha ndege hutakiwi kumsemesha, hata salamu. Kwa mtu wa pwani hilo lilinipa taabu.

Jumamosi ya pili walinipa safari. Nilivishwa parachuti, nikaambiwa kwa heshima kwamba dakika ya kwanza halitanisaidia kitu kwa kuwa tutakuwa chini mno. Mwalimu alikaa nyuma. Tulipoacha ardhi nilishangaa jinsi tulivyokuwa karibu na ile ndege. Nilimwona mzee kisogo chake. Tukapanda. Hewa iliyovurugwa na panga lake ilitutingisha tuliposhuka kidogo kutoka mahali petu. Mwalimu aliniambia nitazame mabawa ya Pawnee yalivyokaa na mstari wa mbali wa dunia, nisiondoe macho, na mimi nikajaribu kupangusa miwani yangu. Nilihesabu baadaye. Kutoa kitambaa, kuvua miwani, kupangusa, kuvaa: sekunde saba. Kama ningekuwa mimi ndiye niliyeshika usukani.

Huko juu alinitaka nivute kile cha manjano mwenyewe. Pana mlio mkubwa kama mtu amepiga bati kwa nyundo, kisha kimya. Mzee akageukia kushoto akashuka. Sisi tukageukia kulia.

Usiku ule nilimwita kijana wangu sebuleni, mama yake akiwepo. Nilimwambia nitatia saini kwa sharti moja, anieleze kwa Kiswahili atafanya nini. Kiswahili chake ni cha mtoto aliyezaliwa huku, kinachechemea, na nilijua hataweza kujificha nyuma ya maneno aliyokariri kwenye kitabu. Alifikiri kidogo.

"Bawa likianguka, naachia," alisema. "Kamba ikikatika chini, nakwenda mbele, sirudi. Yule akitikisa mkia, natazama breki, siachii. Akifanya hivi," akapanua mikono akaiyumbisha, "naachia."

"Na kifuniko kikifunguka?"

"Nakiacha."

"Na ukiwa humwoni aliye mbele?"

"Naachia."

"Kwa nini?"

Hapo alinyamaza. Nikadhani hajui. Kumbe alikuwa anatafuta neno.

"Kwa sababu yeye hanioni, baba."

Mama yake alitutazama sote wawili, akauliza huyo asiyeonwa ni nani. Kijana akaanza kumweleza habari za mzee wa Pawnee, tiara na mkia, akichora kwa kidole juu ya meza. Mimi nikaitafuta kalamu. Alhamisi fomu ilikwenda. Jumamosi hii kuna mawingu ya chini na hawakuruka, wameshinda wakifagia banda la ndege. Mama yake anasema siku watakaporuka yeye atabaki nyumbani, tumpigie simu tukiwa tumeshatua.